Nilivyorudi kwenye mbio za barabara ya Ujiji wakati posa ya mwanangu inasubiri jibu

Wakuu, habari za jioni. Walioko kazini poleni, walioko kitandani na simu hongereni.

Hiki ninachosimulia kilinipata mimi mwenyewe. Siyo rafiki yangu, siyo jirani. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi kuliko hii.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kazi yangu ni ufundi redio, na karakana ni baraza ya nyumba yangu hapa Gungu. Natoka chumbani, nafika kazini, chai bado ya moto. Wife huwa anawaambia wageni kwamba mume wake hawezi kupotea, kwa sababu hajawahi kwenda mahali.

Lakini ujanani nilikuwa mkimbiaji.

Chekeni kwanza, nawasubiri.

Sekondari sikuacha sifa yoyote darasani, ila miguu nilikuwa nayo. Na mbio nilizozipenda ni zile za barabara ya Ujiji. Mnaanzia Mwanga, mnateremka, mnalizunguka pipa lililowekwa katikati ya barabara pale Kasingirima, mnarudi Mwanga. Basi. Wakati ule hapakuwa na fulana za bure wala spika kubwa kama siku hizi.

Sikuwahi kushinda. Nafasi yangu nzuri kabisa ilikuwa ya nne, mwaka ambao wenye mbio zao walikuwa na safari.

Nilizipenda kwa sababu ya ule mteremko. Unashuka, ziwa lote liko kulia kwako, milima ya Kongo inakutazama kutoka ng'ambo, na kwa dakika chache unaamini kwamba kasi ile ni yako, wala siyo ya mlima.

Kisha nikaoa, nikakaa. Kukaa nako kuna kipaji chake, mimi nilikuwa nacho.

Sasa turudi kwenye mada. Miaka ninayosimulia ni ile ya wakimbizi, mwishoni mwishoni, Wakongo walipoanza kurudi kwao. Wa Kigoma mtakumbuka. Malori meupe yanashuka kutoka makambini, watu juu, magodoro juu, masufuria yanalia njia nzima, halafu meli inawavusha.

Hapa mjini nako kulikuwa na Wakongo ambao kambi hawakuijua. Walivuka ziwa wakafikia kwa ndugu zao wa siku nyingi, Ujiji huko. Meli ilipoanza kupakia watu, na wao wakaanza kuulizana kwenye kila mlo: tunarudi au tunabaki?

Mmoja wao alikuwa Mama Furaha. Mjane, Mbembe, sauti ndogo, msimamo mkubwa. Alikuwa anauza dagaa na migebuka mikavu pale Kasingirima. Mtoto aliyebaki naye ni mmoja tu, Furaha.

Na mwanangu Yona, mchomeleaji, kijana ambaye hata ndara akivaa anachanganya kulia na kushoto, akampenda Furaha.

Tukapeleka posa.

Mama Furaha hakukataa. Hakukubali pia. Alimwambia mshenga wetu kwamba meli ipo, kwao kumetulia, na shamba la marehemu mumewe linaota majani. Yeye moyo wake unataka kurudi. Lakini binti hawezi kumwacha huku kwa watu ambao hajawaona walivyo. Akiridhika nao, atamwacha. Asiporidhika, watapanda meli wote wawili. Jibu atalitoa Jumapili, baada ya kanisa.

Yona akaacha kula. Wakuu, huyu alikuwa akila ugali wa muhogo kama mtu anayebomoa ukuta. Wiki ile anamega tonge, analitazama, analirudisha. Mama yake akawa anampikia mgebuka wa mawese kila siku, na kila siku naula mimi. Nilikonda moyo tu, mwili hapana.

Sasa kwa wale wasio wa huku niwaeleze kitu kimoja, la sivyo mtaniona mwehu huko mbele.

Kwetu Waha, mkwe haonwi ovyo. Hata mama wa binti anayeposwa na mwanao ni mkwe wako, na mnatunziana heshima. Huendi kwake bila kuitwa. Huli kwake. Mkikutana njiani mmoja anapisha. Na mkamwana ndiyo kabisa, baba mkwe hatakiwi hata kupita uani anakofulia. Wabembe nao wana mambo yao yanayofanana na hayo, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kufundishana.

Mama Furaha alikuwa ameniona mara moja tu, kwa mbali, nje ya kanisa. Nilikuwa nimevaa kaunda suti ya kaka yangu. Alichuchumaa akapiga makofi ya salamu taratibu, nami nikaitikia huku nikitazama paa la kanisa. Mambo yalikwenda vizuri sana. Ningefia pale pale ningeacha jina.

Sasa mtauliza, mtu mwenye hali hiyo anaingiaje kwenye mbio Jumamosi, siku moja kabla ya jibu?

Kwa sababu ya Kimaro.

Kimaro alikuwa mtumishi wa serikali, amehamishiwa huku kutoka Moshi, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Kila jioni analeta redio ambayo haijaharibika ili apate pa kukaa na kunisema. Siku moja akaniambia amejiandikisha mbio za Ujiji, kundi la wazee.

Nikamwambia zile mbio nazijua.

"Unazijua kwa kusikia matangazo," akasema. "Fundi, redio zako zinafika Ulaya, wewe hata sokoni unaagiza."

Wife alikuwa anachambua mchele pale pale. Akacheka. Ndicho kilichoniponza, kile kicheko. Kesho yake nikajiandikisha.

Mazoezi nilifanyia uani. Kuku wakahamia kwa Kimaro.

Kaptula nilikuwa nayo moja, ya ujanani, ya zile enzi ambazo kaptula zilikuwa fupi na hakuna aliyeuliza. Nilipoivaa wife akanizunguka mara mbili, akaniuliza kama hiyo ni nguo au ni kumbukumbu.

Halafu akauliza swali la maana. "Na mkwe, je?"

Nikamwambia hilo nimeshalipigia hesabu. Jumamosi Mama Furaha yuko Katonga, mwaloni, tangu alfajiri, ananunua dagaa kwenye mitumbwi. Hurudi mchana. Sisi tutakuwa tumeshapita Kasingirima zamani. Wife akanitazama, akarudi kwenye mchele wake. Hakusema kitu, na kwa mwanamke yule huo ni ujumbe, ila sikuusoma.

Watu wa ziwani mmeshaliona kosa langu.

Wiki ile ilikuwa mbalamwezi.

Kwa wa bara: dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukishapevuka taa hazina kazi, wavuvi wanakaa, wanashona nyavu, Katonga panabaki kunguru. Na wauza dagaa wanabaki majumbani. Hili hata mtoto wa darasa la kwanza wa hapa analijua. Mimi nimezaliwa hapa. Na jioni ya kuamkia mbio nilikaa barazani nikautazama mwezi unavyopanda, mviringo, mkubwa kama sinia la harusi, nikasema moyoni, kesho hakuna mvua, safi.

Basi Jumamosi tukapanga mstari Mwanga. Vijana mbele, wazee nyuma. Kimaro amevaa bukta mpya na kitambaa kichwani, anajinyoosha kama mtu anayelipwa. Mimi nimesimama tu. Nilikuwa natunza stamina, ambayo sikuwa nayo.

Tukaondoka.

Mteremko ulinipokea vizuri. Ziwa liko pale pale, milima iko pale pale. Nikaanza kuwapita watu. Nilimpita hata Kimaro, na nikapita upande wake wa kulia ili anione vizuri.

Tatizo nilikuja kuligundua tambarare.

Ujanani nilikuwa napita barabara ile bila kusemeshwa. Sasa nilikuwa mzee. Kila ninapopita, watoto barazani: shikamoo babu. Kina mama kwenye majiko: shikamoo Baba Yona. Na vijana waliochelewa kuanza, kila mmoja akinipita lazima anisalimie kwanza. Shikamoo mzee, halafu huyo, kaondoka.

Sijawahi kupitwa kwa adabu kiasi kile.

Na shikamoo huwezi kuiacha hewani. Kila marahaba inachukua pumzi ambayo ulikuwa umeiwekea kazi nyingine. Nikajaribu kuitikia kwa mkono, mama mmoja akamwambia mwenzake kwamba Baba Yona siku hizi anaringa. Ikabidi nirudie kwa mdomo. Hapo Kimaro akanipita. Yeye huku si kwao, hakuna anayemjua, anakimbia kimya kimya na pumzi zake zote.

Tukakaribia Kasingirima.

Mbio hizi zina utaratibu wake. Ukifika kwenye pipa unafungwa kipande cha kitambaa mkononi, ili ukirudi Mwanga waone kweli ulifika. Huna kitambaa, hukukimbia, hata kama ulimi uko kifuani. Siku zote kazi hiyo alikuwa anafanya mwalimu mmoja. Mwaka huo mwalimu aliugua, wakawaomba wauza samaki wa pale pale barabarani, maana wako hapo, na hawana mtu wa kumpendelea.

Nikaona pipa. Pembeni ya pipa nikaona mwanamke mwembamba, vipande vya kitambaa vyeupe vimening'inia begani, anamfunga kijana mmoja mkononi kwa utulivu kama anamfunga kidonda.

Mama Furaha.

Wakuu, nilisimama katikati ya barabara. Nikajitazama kuanzia magotini kwenda juu. Safari ilikuwa fupi, kaptula iliisha mapema na mapaja yakaendelea peke yake. Yalikuwa meupe, kwa sababu hayajaona jua tangu nianze kufanya kazi barazani.

Fikirieni hesabu yangu. Nikienda, nanyoosha mkono kwa mkwe wangu nikiwa nusu uchi, siku moja kabla hajaamua kama sisi ni watu wa kuachiwa mtoto. Nikigeuza, Kimaro ananisema mpaka ahamishwe. Na uhamisho wa serikali mnaujua unavyochelewa.

Nikamfikiria Yona na tonge lake.

Nikakata kushoto, nikaingia kichochoro.

Mpango ulikuwa kuzunguka nyuma ya nyumba, nitokee mbele ya pipa, nirudi Mwanga bila kitambaa, niseme nimeumia mguu. Kichochoro kikapinda. Nikaruka kamba ya nguo, nikapita bata, nikaomba radhi kwa bibi mmoja anayetwanga sombe, kisamvu chetu, akasema karibu. Nikasukuma kimlango cha mabati nikajua ndiyo natokea barabarani.

Nilitokea uani.

Katikati ya ua, Furaha ameinama anaosha masufuria.

Nilikuwa nimemkimbia mama nikaingia kwa binti. Mkamwana. Yule ambaye hata kivuli changu hakitakiwi kumpitia. Kumbe nyumba yao imeelekea barabara, ua uko nyuma, na mimi kwa kuwa sijawahi kufika, na kwa heshima sikuwahi hata kuuliza iko wapi, sikujua.

Kulikuwa na shuka limeanikwa. Nikajificha nyuma yake. Halikuwa shuka refu.

Alipiga magoti palepale kwenye maji ya masufuria, uso chini. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

Bata wakanifuata mpaka pale.

"Mama yuko kwenye pipa," akasema, bado anaitazama ardhi.

"Nimemwona."

Nikaona amenielewa, maana mabega yalianza kutikisika. Nashukuru hakutoa sauti. Akanyanyuka amenipa mgongo, akaingia ndani, akatoka kinyumenyume, wakuu, kinyumenyume kabisa, amenyoosha mkono nyuma ameshika kitenge.

"Baba, jifunge. Halafu upite mbele. Ukikosa kitambaa watasema umeiba njia, na mama atasikia hivyo hivyo."

Hilo mimi nilikuwa sijalifikiria. Nikajifunga, kiunoni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Kilikuwa kizito, cha njano, kina ndege wakubwa wa bluu. Akanionyesha mlango wa mbele bila kugeuka. Nikapita ndani ya nyumba ya mkwe wangu nikitazama dari.

Nikatokea barabarani, hatua chache tu kabla ya pipa.

Watu walishangaa kidogo, halafu wakafurahi. Kijana mmoja akauliza hawa wanakimbia au wanampeleka bibi harusi. Nikaenda nikitembea, kwa sababu kitenge hakikuruhusu vingine, nikanyoosha mkono, macho nimeyapeleka ziwani.

Mama Furaha akachukua kipande cha kitambaa. Kisha mkono wake ukasimama.

Aliona kitenge. Baadaye ndiyo nilijua kwamba kilikuwa chake, cha kanisani, alichovuka nacho ziwa akiwa amembebea mtoto mgongoni.

Alichuchumaa kidogo, akanifunga kitambaa kwa mikono miwili, akakaza fundo. Nikapiga makofi mawili ya shukrani, nikaondoka.

Kurudi Mwanga ni mlima. Jaribuni siku moja kupanda mlima mmejifunga kitenge, mtawaheshimu mama zenu upya. Kukivua sikuweza, maana kila nikigeuka nilihisi macho ya Kasingirima yote mgongoni. Nilimaliza watu wameshaanza kukunja kamba. Kimaro amekaa kwenye kiti, soda ya pili mkononi.

Akanitazama kuanzia chini. "Fundi," akasema, "uliondoka hapa mwanaume."

Halafu wife akasogea. Naye akakitazama kitenge. Kabati lake analijua.

"Hicho cha nani?"

Kuna maswali mtu akiulizwa mbele za watu, hata jibu la kweli linasikika vibaya. Nilisema, cha mkwe. Watu wote waliokuwa karibu wakanyamaza ili wasikie vizuri.

Ikabidi nimweleze yote, tukirudi nyumbani, mimi bado nimekivaa. Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Alisema tu nisimwambie Yona, angalau usiku huo alale.

Jumapili tukakaa barazani, hakuna redio inayolia. Mshenga alikuja jua likiwa limeanza kushuka. Ni mzee asiye na haraka, aliomba maji kwanza, akanywa yote. Yona alikuwa anauangalia mdomo wake kama mtu anayesubiri meli.

Mshenga akasema Mama Furaha ameniona kabla sijamwona. Pale nilipokuwa nimesimama katikati ya barabara nikijitazama mapaja, alikuwa ananitazama. Akaniona nakata kichochoro, akajua nimeacha mbio. Asubuhi nzima amefunga mikono ya wanaume wenye bukta, mmoja wa Moshi akamwomba na maji ya kujimwagia kifuani. Hakuna aliyeona aibu, na yeye hakuwategemea waone. Mmoja tu ndiye aliyekimbia. Jioni Furaha akamsimulia yaliyobaki, na mshenga anasema mama yule alicheka mpaka akakaa chini.

"Amesema kitenge msikirudishe peke yake," mshenga akamalizia. "Kije pamoja na mahari."

Yona alinyanyuka akaenda jikoni. Tukasikia mfuniko wa sufuria.

Sasa funzo, maana najua mnapenda.

La kwanza, mkazi wa ziwani usipange jambo lolote bila kuangalia mwezi. La pili, ukiona mtu mzima anakimbia barabarani, msalimie akishamaliza. La tatu ni kuhusu kaptula, ila nadhani limeeleweka.

Wale wenye visa vya wakwe vyenu shusheni hapa chini, msiniache na aibu peke yangu. Na wale mtakaosema ni chai, nimetunga, njooni Gungu, niko barazani, sijaenda mahali.

Nyongeza: wife amesoma huu uzi akasema nimeruka la bandarini. Haya.

Baada ya harusi Mama Furaha alipanda meli. Tulimsindikiza, mimi na kaunda suti ya kaka. Pale kwenye foleni, kati ya magodoro ya watu, alinisogelea mpaka karibu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema huku anatazama maji:

"Mukwe, nimekuachia mutoto. Siku akiwa mugonjwa, usitembee."

Akapanda.

Furaha aliumwa sana mara moja, mimba ya kwanza, Yona yuko safarini Kasulu. Kijana wa jirani akampeleka hospitali na pikipiki, mimi nikaambiwa nifuate. Pale kijiweni Gungu bodaboda zilikuwa zimejipanga, kila dereva ananiita.

Nilikimbia.